Glasi ya Nne ya Bwana Makrei

Miaka ile, ukifika Robanda ukaulizia kwa Joram, watu walikuuliza kwanza: Joram yupi, yule wa pua? Maana alikuwapo Joram mwingine, fundi baiskeli, ambaye hakuwa na sifa yoyote zaidi ya kuchelewesha baiskeli za watu. Joram wa pua alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na ukimtazama usoni pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Ajabu ilikuwa kazi iliyofanya. Mahari ikiletwa mahali, wenye binti walimwita Joram zizini. Alipita kati ya ng'ombe taratibu, mikono mgongoni, akimwinamia huyu mdomoni na yule sikioni, halafu anatoa hukumu. "Huyu mtamba, mpokeeni. Huyu kizee, wamempaka mafuta. Huyu arudi kwao, tumbo lake si zima." Waliopinga walikuja kujuta mvua za kwanza tu.

Pua hiyohiyo ndiyo iliyompeleka baa. Alianza kazi ya kuosha vyombo katika loji ya watalii iliyokuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kijijini. Kila kulipokucha alikuta glasi za jana zimekauka, na kabla hajazitia majini alizinusa. Akaona hazifanani. Glasi moja ilinukia nta ya mzinga, nyingine ilinukia ngozi iliyoanikwa juani. Akamuuliza mhudumu wa baa, mtu wa Moshi, kulikoni. Yule akacheka, akamwonyesha chupa: hizi zote ni wiski, akasema, lakini hii imechanganywa, na hii ni ya shayiri tupu ya kiwanda kimoja, kule milimani Uskochi, na imelala kwenye pipa la mti miaka mingi kabla ya kufunguliwa. Joram akauliza, imelala tu? Imelala tu. Akaenda zake anawaza juu ya watu wenye subira ya namna hiyo. Yule wa Moshi aliporudi kwao, Joram akashika baa.

Ila hapo palikuwa na neno. Joram alikuwa mbatizwa, na kanisa lao halikuruhusu pombe hata ya kuonja. Wazee wa kanisa walikaa kikao wakavutana sana. Kazi ya loji ilikuwa kazi ya serikali, na kukataa kazi ya taifa wakati ule wa kujenga nchi halikuwa jambo la kusema kwa sauti. Mwishowe mchungaji Nikolaus, kijana aliyeongea kama mtu anayebembeleza mtoto, akaamua: kumimina si kunywa. Amimine, anuse akitaka, lakini isipite kooni. Ikipita kooni, atakaa benchi la nyuma kama mtu mwingine yeyote, asishiriki meza ya Bwana wala asisimame mbele kwa jambo lolote, mpaka mavuno. Joram akaahidi mbele ya wote. Na kweli alishika ahadi, miaka na miaka, hata Method aliyekuwa mhudumu wa meza akawa anamwita Padri wa Baa.

"Padri, mpe mzee yule ubatizo wa maji mengi, anaendesha gari," Method alikuwa akimwambia.

"Nawe pokea sinia hii kabla sijakutenga," Joram alimjibu.

Mambo ya habari hii yalitokea mwaka vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado vipya. Nyumba zilisimama mstari mmoja kama wanafunzi gwarideni, na kila mtu alikuwa bado anajifunza jirani yake mpya anakoroma vipi. Regina, binti wa kwanza wa Joram, alikuwa ameposwa na Nikodemo, kijana wa Nata aliyeuza katika duka la ushirika. Ng'ombe walikuwa wamefika. Kwa kuwa mtu hakagui ng'ombe wa binti yake mwenyewe, aliyekagua ni Mseti, baba yake mdogo Joram, mzee wa mila asiyekanyaga kanisa, na akapokea mmoja aliyechechemea. Joram alimwona, akauma meno, akanyamaza. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili, ikabaki moja. Esta, mama yake Regina, alikuwa ameshona gauni kwa mkono, na mumewe alikuwa amenunua koti la rangi ya majivu kwa ajili ya kitu kimoja tu: kumshika mwanawe mkono kutoka mlangoni mpaka mbele. Kwake Joram, hilo lilipita ng'ombe wote. Baba yake mwenyewe alikufa bila kumwoza binti hata mmoja.

Ndipo Bwana Makrei alipokuja.

Huyu Makrei alikuwa Mskochi mzee aliyewahi kuwa fundi wa mitambo ya pamba Musoma, zamani za ukoloni, akaondoka nchi ilipopata uhuru. Lakini alikuwa akirudi kiangazi kutazama wanyama, na Kiswahili chake kilikuwa kama gari kuukuu: kinapiga kelele, ila kinafika. Miaka yote alikuwa akikaa kwenye baa ya Joram, wanazungumza habari za wiski. Makrei anaonja, Joram ananusa, wanabishana. Mwaka huu alikuja amekonda. Saa za jioni, jua likiwa bado juu kidogo, alibeba chupa nne kutoka chumbani kwake akamwita Joram barazani, upande unaotazama jiko.

"Joram, pua yangu amekufa," akasema. "Nilipata homa wakati wa baridi kule kwetu. Daktari anasema hairudi. Na ulimi amefuata pua. Sasa nakunywa wiski, ni kama nakunywa maji ya moto."

"Pole sana, mzee."

"Hizi nne zote zinatoka kwetu, milimani. Huyu wa kwanza amekaa katika pipa miaka kumi na miwili. Huyu kumi na tano. Huyu kumi na minane. Na huyu wa nne ni mkubwa kupita wote. Nataka wewe uwe pua yangu. Niambie ni wazuri au wabaya. Lakini pua peke yake haitoshi. Lazima mdomo."

Joram akamweleza ahadi yake. Makrei hakucheka. Akafikiri, akasema kule kwao waonjaji wa kazi hawamezi kabisa; wanazungusha mdomoni, wanatema. Wakimeza watakuwa wamelala chini kabla ya saa sita mchana. Joram akaona hilo halivunji neno. Kooni haipiti. Akaleta glasi nne nyembamba na mtungi wa maji, na kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kutemea, akasogea ukingoni mwa baraza penye mchanga.

Glasi ya kwanza aliinusa macho amefumba. "Inanukia majani makavu mvua ya kwanza ikiyagusa. Na asali, lakini ya nyuki wadogo, ile yenye uchachu." Akatia tone la maji, akaonja, akazungusha, akatema mbali kidogo, mchangani. "Ulimini ni kali. Inaruka. Hii ni ndama, mzee. Ndama mzuri, ila bado anachezacheza."

Makrei alikuwa ameinama mbele, mikono magotini. "Endelea."

Ya pili ilikuwa na moshi. Joram alitabasamu alipoisikia. "Mama yangu alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Ukifungua kibuyu asubuhi, ndiyo harufu hii, kabla maziwa hayajaingia." Akaonja, akatema. "Huyu ni mtamba. Mpokee. Atazaa."

Ya tatu alikaa nayo. Ilikuwa nyeusi kuliko mbili za kwanza, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Akasema inanukia keki ile wanayooka watu wa jiko wakati wa Krismasi, ya zabibu kavu, na chini yake ngozi, na chini ya ngozi kitu kama dawa ya mizizi. Akaonja, akakunja uso, akatema kwa nguvu mpaka ikaruka kuelekea machweo. "Huyu arudi kwao. Pembe nzuri, ngozi inang'aa, lakini ukimfuata nyuma anachoka. Mwisho wake mchungu, na unakatika."

Makrei akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Huyo ndiye ghali kuliko wote dukani!"

"Ghali ni neno la mwenye duka," Joram akasema.

Wakati huo wote, pale mlangoni mwa jiko, alisimama mzee Simioni. Simioni alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa bustani ya ujamaa. Siku hiyo alileta mayai na nyanya za kijiji kwa baiskeli. Alimwona Joram akijaza mdomo pombe, akiipuliza mchangani, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kuelekea jua linapozama, mbele ya mzungu aliyeinama kama anayepokea kitu. Mtu wa Dar es Salaam angeona mtu anatema. Simioni alizaliwa Robanda. Alijua vizuri ni nani hujaza pombe mdomoni asiimeze, na ni kwa kazi gani: wazee wa mila, wanapombariki mtu au kuwaita waliokufa. Akaacha mayai hata hayajapokelewa, akapanda baiskeli.

Joram hakumwona. Alikuwa ameinua glasi ya nne.

Hii ilikuwa na rangi ya mkojo wa ndama, nyepesi, mtu asingeidhania umri wake. Pua ya Joram ilitafuta mahali pa kushika isipate, kisha ikapata vingi kwa pamoja, vyote vimetulia: nta, mbao ya sanduku la zamani, maua fulani ya porini asiyoyajua jina. Akaitia mdomoni. Ilifunguka polepole, haikuruka wala kuuma. Alikuwa anaizungusha, amegeukia mchanga, tayari kutema, Makrei aliposema nyuma yake:

"Hiyo haiuzwi dukani. Nilinunua pipa lake mimi mwenyewe, mwaka mtoto wangu alizaliwa. Aleki. Tulisema tutafungua siku ya harusi yake." Akaigusa chupa. "Gari lilipinduka, mwaka jana. Nimefungua peke yangu, na sijui ladha yake."

Joram alisimama pale, mashavu yamejaa, hawezi kusema wala kutema. Kwao, mfiwa akikupa kinywaji cha marehemu, hukitemi. Ukikitema ardhini umesema kifo kile hakikuhusu, na maneno hayo hayafutiki hata kwa ng'ombe. Aliutazama mchanga wenye madoa matatu yanayokauka. Akamtazama mzee. Akameza.

Ikashuka taratibu, ikapasha kifua. Akakaa chini kando ya Makrei.

"Huyu," akasema baada ya muda, "hatoki zizini. Kila boma lina ng'ombe mmoja ambaye hatolewi mahari, hauzwi, hachinjwi kwa mgeni. Ni yeye huyu. Ameiva, mzee. Ana utulivu. Kijana wako angeipenda."

Makrei alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa.

Joram aliporudi nyumbani mapumziko ya wiki ile, alikuta habari imemtangulia. Esta alikuwa akipepeta ulezi nyuma ya nyumba, na namna alivyoupepeta ilitosha kuonyesha hali ya hewa.

"Baba Regina, ni kweli umemtambikia mzungu?"

"Nimefanya nini?"

"Simioni amelisema kwa mchungaji. Eti umepuliza pombe ukiita mizimu ya Wazungu. Umeitwa Alhamisi."

Joram alicheka, kisha akaona mkewe hacheki. Akamweleza yote, na la glasi ya nne hakulificha. Esta aliweka ungo chini.

"Nani aliona ukimeza?"

"Yule mzee tu."

"Basi sikiliza. Alhamisi wakikuuliza habari ya kutambika, jibu habari ya kutambika. Swali lisiloulizwa halina jibu. Ndoa ni Jumamosi ya wiki ijayo, Baba Regina. Gauni liko ndani ya sanduku. Mtoto anafanya mazoezi ya kutembea, anamshika Boke mdogo wake mkono, anasema huyu ndiye baba."

Boke alikuwa msichana mdogo tu, na kweli alikuwa akionekana uani anatembea kwa makini, kidevu juu, kama mtu mzima aliyevaa koti.

Alhamisi wazee walikaa ndani ya kanisa, madirisha wazi, mbuzi wa mtu wakichungulia. Mchungaji Nikolaus, kwa hekima yake, alikuwa amemwalika na mzee Mseti, kwa kuwa jambo lilihusu mila na wao walikwisha kuiacha. Mseti alikuja na kigoda chake mwenyewe. Mabenchi ya kanisa, alisema, yalimuumiza mgongo hata kwa kuyatazama.

"Shikamoo baba," mchungaji akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mlikata mizizi, sasa mnaniita mimi niwaambie mti unaitwaje."

Simioni alieleza alichokiona, akasimama hata kuonyesha, mashavu yamevimba kwa hewa. Wazee wawili walijifanya wanakohoa. Joram naye akaeleza kazi ya kuonja, na namna alivyozipima glasi kama ng'ombe. Mseti alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Simioni.

"Alipopuliza, alisema maneno gani?"

"Sikuyasikia yote. Nilisikia ndama. Nilisikia mtamba."

"Na ya tatu?"

"Alisema arudi kwao."

Mseti alipiga paja. "Simioni mwanangu, wewe ulipozaliwa nilikuwapo, na baba yako alipokubariki nilikuwapo. Alikwambia urudi kwenu? Baraka ni maneno. Pombe ni ya kuyalowesha tu. Mzee anayepuliza pombe na kusema 'huyu arudi kwao' hatambiki, anakagua mahari. Na tena ameikagua vizuri kuliko mimi, maana kuna mmoja nilimpokea juzi anachechemea, na huyu hapa hakuniambia neno!"

Watu walicheka, hata mchungaji. Simioni mwenyewe alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda akishuhudia awe ameshuhudia kila kitu. "Basi nimekosea kutafsiri," akasema. "Lakini kwa upande wa ahadi yake namshuhudia. Glasi zilikuwa nne, na zote nne alizitema. Niliona kwa macho yangu haya."

"Ameshuhudiwa," mchungaji akasema, akafunga miwani yake ndani ya kibweta. "Tumshukuru Mungu, tuinuke."

Wazee waliinuka. Joram alibaki amekaa. Dirishani alimwona Esta amesimama kando ya mlango wa nje, mikono kwenye kanga, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa kuinuka tu.

"Mzee Simioni aliona tatu," akasema. "Ya nne niliimeza."

Mbuzi mmoja alilia nje. Wazee wakakaa tena, mmoja mmoja.

Akawaambia habari ya pipa, na ya kijana Aleki, na ya harusi ambayo haikufika. Alipomaliza, Mseti ndiye aliyesema kwanza, tena bila mzaha. "Ya msiba haitemwi. Angeitema, nisingemwita mtoto wa kaka yangu."

"Ni kweli, baba," mchungaji akasema. Alionekana mgonjwa. "Hata mimi sijui ningefanya nini. Lakini Joram, neno letu lilikuwa koo. Tukisema koo hili lina sababu nzuri, kesho yatakuja makoo mengine hapa, na kila moja litakuwa na msiba wake. Nifanyeje?"

"Fanya mlivyosema," Joram akajibu.

Hivyo ikawa benchi la nyuma mpaka mavuno. Na nani atamshika Regina mkono? Mseti hakuwa mbatizwa. Nduguze Esta walikuwa mbali, Nyamongo. Macho yakazunguka yakaishia kwa Simioni, naye akatazama viatu vyake.

Njiani kurudi Esta alitembea mbele mpaka karibu na nyumba. Hapo akasimama. "Nilikwambia usiongeze," akasema. Kisha akasema, "Yule mzee alikuwa na mtoto mmoja tu?"

"Mmoja."

Akaingia ndani kuwasha moto.

Siku ya tatu Simioni alifika, akaamkia, akazunguka habari ya mvua, habari ya nyanya, mpaka Joram akamhurumia. "Sema, mzee wangu."

"Ni koti," Simioni akasema. "Nitasimama mbele za watu na shati hili?"

Joram alitoa lile koti la rangi ya majivu akampa. Mikono ilimfunika Simioni hadi kwenye vidole. Esta akaikunja kwa ndani, akaishona kwa uzi mrefu ili ije kufumuliwa bila kuacha alama, na aliposhona alimchoma kidogo kwa sindano. Mpaka leo haijulikani kama ilikuwa bahati mbaya.

Jumamosi ile kanisa lilijaa, waliochelewa wakasimama madirishani. Joram alikaa benchi la nyuma, peke yake, kwa shati jeupe. Watu walikuwa wakigeuka kumtazama, kisha wanageuka mbele haraka. Kwaya ikaanza. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna mzee aliyelifikiria: benchi la nyuma ndilo lililo karibu na mlango. Katika watu wote wa kanisa lile, yeye ndiye aliyemwona mwanawe kwanza.

Regina aliingia mkononi mwa Simioni. Shela yake ilinaswa na msumari wa mlango, akasita. Simioni alivuta, ikazidi kunasa. Joram aliinuka, akainasua taratibu, uzi kwa uzi, akailaza mabegani pake.

"Haya, nenda mama," akamwambia kwa sauti ndogo. "Wanakungoja."

Lakini Regina hakuenda. Aliuachia mkono wa Simioni, akakusanya gauni lake, akaketi kwenye benchi la nyuma kando ya baba yake, akaweka maua magotini kama mtu aliyefika mapema kwenye ibada. Simioni alibaki amesimama katikati ya njia na koti lake la kuazima, haendi mbele, harudi. Kwaya ilifika mwisho wa wimbo. Mchungaji Nikolaus alitazama nyuma, akatazama dari, kisha akawaonyesha wanakwaya kwa kidole: waanze tena, tangu ubeti wa kwanza.